Mbwa Anapotolewa Kizimbani: Neno Juu ya Makabidhiano



Wapendwa waamini, juma hili ninaandika juu ya jambo ambalo wengi wenu mtashangaa kulikuta katika ukurasa huu, nalo ni mbwa. Si mbwa wa mifano wala wa methali, bali mbwa wenyewe, waliomo katika vizimba vya vituo vya wanyama vya miji na kaunti za Marekani tunakoishi, na namna wanavyotolewa humo na kukabidhiwa kwa vikundi vya uokoaji. Baadhi ya vijana wetu, pamoja na akina mama kadhaa wa parokia, hujitolea katika kazi hiyo siku za Jumamosi. Wameniuliza mara mbili tatu kama kazi hiyo ina nafasi katika maisha ya Mkristo. Na tena kwa nini mbwa ambaye tayari ameombwa na kikundi huweza kuuawa kabla gari la kumchukua halijafika. Swali la kwanza lina jibu fupi. La pili ndilo lililonikalisha mezani.

Kwa wale wasioujua utaratibu, nieleze kwa ufupi. Mbwa aliyepotea akikamatwa barabarani, au mwenye mbwa akishindwa kumtunza, mnyama hupelekwa katika kituo cha mji au cha kaunti. Hukaa humo siku kadhaa akisubiri mwenyewe ajitokeze. Siku hizo zikipita, huweza kuchukuliwa na familia mpya, huweza kukabidhiwa kwa kikundi cha uokoaji, au huuawa kwa sindano. Kikundi cha uokoaji mara nyingi hakina hata jengo. Ni watu kumi au ishirini, kila mmoja akiwa na nafasi ya mbwa mmoja au wawili nyumbani mwake, pamoja na daktari wa wanyama anayewapunguzia bei na simu isiyonyamaza. Makadirio ya kitaifa ya mwaka 2024 yanasema kwamba mbwa na paka wapatao milioni 5.8 waliingia katika vituo na vikundi vya nchi hii, na wapatao 607,000 waliuawa, zaidi ya nusu yao wakiwa mbwa.

Najua kwamba wengi wetu tuliotoka Tanzania, Kenya au Kongo hatukulelewa hivi. Kwetu mbwa hulinda boma, hulala nje, hula makombo ya ugali, na anapokufa huzikwa bila hotuba. Sioni sababu ya kuionea aibu desturi hiyo, maana mbwa wengi wa vijijini kwetu huishi kwa uhuru ambao mbwa wa ghorofani huku hawaujui. Lakini kituo cha wanyama ni jambo jingine. Ni mahali ambapo jamii nzima, kwa kodi yetu sote, imejitwalia mamlaka juu ya uhai wa kiumbe, na mahali palipo na mamlaka Mkristo ana haki ya kuuliza maswali.

Yafaa pia tujue kwamba aliyeianza kazi hii alikuwa mwenzetu. Caroline Earle White wa Philadelphia, aliyelelewa katika familia ya Waquaker na baadaye akajiunga na Kanisa Katoliki, aliongoza mwaka 1869 kundi la wanawake lililoanzisha makimbilio ya mbwa waliopotea, yanayohesabiwa kuwa ya kwanza ya namna yake katika Marekani. Katika miaka hiyo, jijini New York, mbwa waliokamatwa walifungiwa ndani ya kizimba cha chuma na kutumbukizwa mtoni.  Ukimkamata kiumbe kwa jina la mji, mji unawajibika kwa namna unavyomtendea.

Sasa lile jibu fupi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2416, inafundisha kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu na kwamba tunawajibika kuwatendea kwa wema, nayo inawataja Mtakatifu Fransisko wa Asizi na Mtakatifu Filipo Neri. Namba 2418 inasema kwamba kuwatesa au kuwaua pasipo haja ni kinyume cha hadhi ya binadamu mwenyewe. Namba hiyohiyo haiishii hapo, bali inaonya dhidi ya kuwatumilia wanyama fedha ambazo kwanza zingepaswa kupunguza taabu za watu. Wapenda wanyama husoma sentensi ya kwanza na kufunga kitabu. Wengine wetu husoma ya pili tu. Papa Fransisko, aliyetuandikia waraka wa Laudato Si' mwaka 2015, ndiye huyohuyo aliyelalamika katika katekesi yake ya tarehe 5 Januari 2022 kwamba kuna watu wanaowaweka mbwa na paka mahali pa watoto. Mafundisho hayo mawili hayapingani. Na katika Kitabu cha Tobiti tunamkuta mbwa aliyefuatana na kijana Tobia na malaika Rafaeli, akaenda nao na kurudi nao. Mwandishi mtakatifu hakueleza mbwa huyo alifanya kazi gani njiani. Hakuona kwamba lazima awe na kazi ndipo atajwe.

Basi kujitolea kwa ajili ya wanyama si dhambi wala si upuuzi, mradi maskini aliye mlangoni asisahauliwe. Na hapa ndipo linapoanza neno langu hasa. Sehemu kubwa ya mbwa wanaopotea kati ya kituo na kikundi hawapotei kwa sababu ya fedha. Wanapotea kwa sababu makabidhiano yenyewe hufanywa ovyo: taarifa huja kwa kuchelewa, maelezo hayana ukweli, na hakuna anayeandika mbwa ameishia wapi. Kurekebisha mambo hayo matatu hakumpunguzii maskini hata shilingi moja.

Nianze na taarifa. Mwaka 1998 jimbo la California lilipitisha sheria iliyoandikwa na Seneta Tom Hayden. Sheria hiyo ilirefusha muda wa kusubiri kutoka saa 72 hadi siku sita za kazi, au nne kwa vituo vinavyofungua jioni au mwishoni mwa juma. Jambo kubwa zaidi ni kwamba iliamuru mbwa aliyepangiwa kuuawa akabidhiwe kwa kikundi cha uokoaji kilichosajiliwa kisicho cha faida, endapo kikundi hicho kitamwomba kabla ya wakati uliopangwa. Ni sheria njema. Lakini litazameni vizuri sharti lake: kikundi kiombe kabla ya wakati uliopangwa. Nani anaujua wakati uliopangwa? Kituo peke yake. Haki ya kuomba bila haki ya kujua ni kama kumwalika mtu arusini bila kumwambia siku.

Ndiyo maana mwaka 2023 uliletwa katika bunge la jimbo hilo mswada namba AB 595, uliopewa jina la mbwa mchanga aitwaye Bowie. Mbwa huyo aliuawa katika kituo cha kaunti ya Los Angeles ingawa, kama ilivyoripotiwa, kikundi cha uokoaji kilikuwa kimekwisha kuulizia habari zake. Mswada ulitaka kituo kitangaze hadharani angalau saa 72 kabla ya kumuua mbwa au paka. Haukuwa sheria. Mwingine wa namna hiyo, AB 2265, uliletwa mwaka 2024, nao haukupita.

Upande wa vituo uliipinga miswada hiyo, na hoja yao si ya kudharauliwa. Kizimba kinachoshikiliwa saa 72 zaidi ni kizimba kilichofungwa kwa mbwa mwingine aliye mlangoni. Vizimba vikijaa, wawili au watatu huwekwa pamoja, hupigana, na kikohozi huenea jengo zima kwa siku chache. Zaidi ya hayo, mnyama aliyegongwa na gari akalala akiugulia maumivu hastahili kusubirishwa siku tatu kwa ajili ya tangazo.

Nakubali yote hayo, na bado naona kwamba wamebishana juu ya mwisho wa safari badala ya mwanzo wake. Kwa nini taarifa isubiri hadi mbwa anapoandikwa katika orodha ya kuuawa? Siku anapoingia tayari inajulikana, mara nyingi, ni yupi atakayepata tabu kupata nyumba: mzee wa miaka kumi, mwenye minyoo ya moyo, mkubwa mweusi anayebweka kwa hofu. Picha yake na maelezo mafupi vikipelekwa kwa vikundi siku ya kwanza, siku anazomsubiri mwenyewe zinakuwa pia siku za kumtafutia nafasi, na hakuna kizimba kinachoshikiliwa hata saa moja zaidi. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Wengi wa hawa wanaonyeshwa ufuko saa kumi jioni, na mlango unafungwa saa kumi na moja.

Vijana wetu wamenionyesha ujumbe wa namna hiyo katika simu zao: picha ya mbwa, namba yake, na maneno kwamba ana mpaka saa fulani leo. Watu mia mbili huandika maneno ya huzuni chini ya picha. Wawili huahidi fedha. Hakuna anayesema nitakuja. Sipendi utaratibu huu, na si kwa sababu ya mbwa tu. Unawazoeza watu wema kuishi kwa hofu ya kila jioni, unawafanya waseme ndiyo bila kufikiri, na kesho yake mbwa aliyeokolewa kwa haraka hana pa kulala.

Ziko njia bora zilizokwisha kujaribiwa. Mwaka 1994 jijini San Francisco chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama kilitiliana sahihi na idara ya wanyama ya mji, kwamba kila mbwa au paka anayefaa kupewa familia, ambaye idara imeshindwa kumpatia nafasi, chama kitamchukua. Ulikuwa mkataba ulioandikwa. Tangu hapo haikuwa lazima mtu asihi kila jioni kwa ajili ya mnyama mmoja mmoja, kwa kuwa jibu lilikuwa limekwisha kutolewa kabla ya swali.

Huko Austin, Texas, walifanya jambo jingine linalonivutia zaidi. Kikundi kiitwacho Austin Pets Alive! kilianza mwaka 2008 kuchukua wanyama kutoka katika orodha ileile ya kuuawa, na kikatazama kwa makini ni wa aina gani wanaojirudia ndani yake. Kikaona watoto wa mbwa wenye ugonjwa wa parvo, ambao karibu kila kituo kiliwaua mara tu ulipogunduliwa, kwa kuwa huambukiza upesi. Kikafungua wodi yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulihesabu zaidi ya mbwa 5,000 waliotibiwa humo kwa muda wa miaka kumi na moja na nusu, na zaidi ya asilimia 86 walipona. Mwaka 2010 baraza la mji lilipitisha mpango wa kuhakikisha kwamba angalau asilimia 90 ya wanyama wanatoka kituoni wakiwa hai, na mwaka 2011 kiwango hicho kikafikiwa. Vikundi vingi huingia kituoni na kuchagua wadogo wenye manyoya mazuri, ambao wangepata familia hata bila wao. Hawa waliuliza kwanza nani anakufa.

Niende kwenye ukweli wa maelezo. Mbwa anapotolewa kituoni hutoka na karatasi, na karatasi hiyo mara nyingi husema kidogo mno au husema uongo wa upole. Anayeandika anataka mbwa apone, basi alichokiona kuwa ni kuuma anakiita "uoga". Au kinyume chake: mbwa aliyenguruma mara moja, siku ya kwanza, katikati ya kelele za mbwa mia, anaandikwa kuwa mkali, na neno hilo linamfuata mpaka kifo chake. Maelezo ya namna zote mbili ni ushuhuda wa uongo. La kwanza linaweza kuupeleka uso wa mtoto kwenye meno ya mbwa. La pili linamhukumu kiumbe asiye na ulimi wa kujitetea. California ilitunga sheria mwaka 2019 inayovitaka vituo na vikundi, kabla ya kumtoa mbwa mwenye umri wa miezi minne au zaidi aliyewahi kumuuma mtu na kuchubua ngozi, vimjulishe anayempokea kwa maandishi. Vizuri. Lakini sheria haiwezi kumfanya karani aandike alichokiona kwa macho yake, saa ngapi, na mbele ya nani, badala ya kuandika neno moja la hukumu.

Magonjwa nayo ni vivyo hivyo. Baada ya Kimbunga Katrina cha mwaka 2005, mbwa wengi waliokolewa katika pwani ya kusini na kutawanywa majimbo mengi. Walipopimwa, karibu nusu walikutwa na minyoo ya moyo, ambayo huenezwa na mbu. Kumsafirisha mnyama huyo si kosa. Kosa ni kumkabidhi kwa mtu bila kumwambia kwamba matibabu yake huchukua miezi na hugharimu fedha nyingi, kisha kushangaa anapomrudisha.

Jambo la tatu ni daftari, na hapa nizungumze kama paroko. Mali bila daftari hupotea bila habari. Muumini wetu anapofunga ndoa katika parokia ya mbali, habari hurudishwa katika parokia alikobatizwa na kuandikwa katika kitabu cha ubatizo pembeni mwa jina lake, hata kama imepita miaka thelathini na paroko aliyembatiza amekwisha kufariki. Silinganishi sakramenti na mbwa, Mungu aninusuru. Ninalinganisha daftari na daftari. Kituo kinachomtoa mbwa leo mara nyingi hakisikii tena habari zake. Kwa hiyo hakijui ni kikundi kipi hupata familia kwa miezi miwili na kipi kina mbwa waliokaa vizimbani mwaka mzima. Kikundi kirudishe neno moja tu: amepata familia, tarehe fulani, au amekufa, kwa sababu fulani, au bado tunaye.

Maana vikundi navyo, wapendwa, si malaika wote. Mshika mbili moja humponyoka, na wako walioshika arobaini. Wanaanza kwa huruma ya kweli, wanachukua zaidi ya nafasi yao kwa sababu kukataa ni kama kuhukumu kifo, na mwishowe mbwa wanapatikana katika mabanda yenye uchafu na njaa, katika hali mbaya kuliko kituoni. Visa vya namna hiyo vimefika mahakamani katika majimbo mengi. Kwa hiyo kituo kinapouliza mna mbwa wangapi sasa, wanalala wapi, daktari wenu ni nani, naomba vijana wetu wasikasirike. Na kiongozi wa kikundi anayeweza kusema "leo hatuna nafasi" anastahili heshima kuliko yule asiyesema hapana kamwe. Kwa upande wao vituo visikifungie mlango kikundi kwa sababu tu kiongozi wake ameandika lawama hadharani. Adhabu hiyo haimwangukii yeye, inamwangukia mbwa.

Neno juu ya watumishi wa vituo. Tunao katika jumuiya zetu, wengine wakiwa wakimbizi waliopata huko kazi yao ya kwanza katika nchi hii, wanaofua vizimba alfajiri na kushika miguu ya mnyama wakati sindano inaingia. Wanaitwa wauaji katika intaneti na watu ambao hawajawahi kufua kizimba kimoja. Hawakuwazalisha mbwa hao wala hawakuwatupa. Nimewasikiliza, nami najua kwamba kinachowaumiza zaidi ni kumuua aliyekuwa na mahali pa kwenda, kisha kulijua hilo baada ya saa moja.

Kwa hiyo nimewaomba vijana wetu, pamoja na mtumishi mmoja wa kituo aliye katika kwaya yetu, waandae karatasi moja, si zaidi, ya kutumiwa katika kila makabidhiano, nao wameahidi kuipeleka kwa mkuu wa kituo kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Fransisko, tarehe 4 Oktoba. Iwe na siku mbwa alipoingia na siku vikundi vilipojulishwa. Iwe na yale yaliyoonekana kwa macho, bila hukumu. Chanjo, vipimo, na kama amehasiwa. Idadi ya mbwa ambao kikundi kinao siku hiyo. Tarehe ya kurudisha habari, ndani ya siku tisini. Chini kabisa ziwekwe sahihi mbili, na namba ya simu ya mtu, si ya ofisi, atakayepokea endapo mbwa atarudishwa usiku.